Kapooza, lakini si kiharusi

Wa mwanzo kugundua hawakuwa madaktari. Walikuwa wanafunzi wa chuoni, watoto wa miaka tisa na kumi, wamekaa kwenye jamvi na juzuu zao mapajani. Mwalimu wao, mzee wa mtaa wetu hapa Pemba, alikuwa hasamehe dhwadi. Mtoto akiitamka kama dali alirudishwa mwanzo wa aya, hata kama Alasiri imeshaadhiniwa. Mwaka ule dhwadi ya maalim mwenyewe ikaanza kuteleza. Ikafuata re. Watoto wakawa wanatazamana, na mmoja akaenda kumwambia mama yake kwamba maalim siku hizi anasoma kama mtu mwenye tende mdomoni.

Mtaani jibu lilipatikana kabla swali halijaulizwa vizuri: presha imempiga, hicho ni kiharusi. Wengine wakasema kaandamwa. Akasomewa, akanyweshwa kombe, akameza vidonge vya presha miezi kadhaa ingawa presha yake ilikuwa ya kijana. Ulimi ukazidi uzito. Mkono wa kulia ukakonda pale kwenye nyama baina ya kidole gumba na cha shahada, na vifungo vya kanzu akawa anafungwa na mkewe. Ilipita zaidi ya mwaka ndipo daktari mmoja, Dar es Salaam, alipomwambia afungue kinywa na auache ulimi utulie. Haukutulia. Ulikuwa unachezacheza wenyewe, kama maji yanayokaribia kuchemka.

Kwenye karatasi aliandika herufi tatu: ALS.

Kwa Kiswahili bado hatujakubaliana tuyaiteje maradhi haya. Waingereza huyaita maradhi ya niuroni za mwendo, yaani chembe za fahamu zinazopeleka amri kwenye misuli. Wamarekani huyataja kwa jina la Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli aliyegunduliwa nayo mwaka 1939 na kufariki 1941. Wafaransa mpaka leo huyataja kwa jina la Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyeyaeleza mwaka 1869. Mimi nitatumia ALS, kifupi cha Kiingereza cha amyotrophic lateral sclerosis, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya maalim, na ndilo jina mtu wa Wete au Makunduchi atakalolikuta akitafuta kwenye simu yake.

Tuanze na umeme. Disemba 2009 Unguja ilizimika na ikakaa kiza karibu miezi mitatu. Sisi Pemba wakati ule tulikuwa tunaendeshwa na majenereta ya Wesha, na nakiri kwamba tuliwacheka kidogo ndugu zetu. Balbu zao zilikuwa nzima, feni nzima, friji nzima. Bara umeme ulikuwepo. Kilichoharibika kilikuwa njia, baina ya unapotoka na unapotumika. ALS nayo ni maradhi ya njia: ubongo unataka, msuli unaweza, amri haifiki.

Njia yenyewe ina vipande viwili. Cha kwanza ni niuroni za juu, zinazoanzia kwenye gamba la ubongo na kuteremka hadi kwenye shina la ubongo au ndani ya ugwe wa mgongo, ile kamba laini iliyohifadhiwa na pingili za uti. Hizi ndizo kebo inayovuka bahari kuja Fumba. Cha pili ni niuroni za chini, zinazoipokea amri pale na kuifikisha kwenye msuli, mfano wa waya unaotoka nguzoni kuingia nyumbani kwako. Usione ni vitu vidogo. Niuroni moja inayotoka mgongoni hadi unyayoni, chembe hai moja tu, inaweza kuwa na urefu wa karibu mita nzima. ALS huua vipande vyote viwili, na hapo ndipo dalili zake zinapowababaisha hata wenye kazi yao.

Waya wa chini ukifa, msuli hulegea na kukonda, na kabla ya kunyamaza kabisa huchezacheza chini ya ngozi. (Kope kucheza ni habari nyingine. Likikucheza jicho msubiri mgeni kama ulivyoambiwa na bibi, au lala mapema. Misuli ya watu wazima hucheza kwa uchovu na kwa kahawa, na pasipo udhaifu wala kukonda hakuna la kukutisha.) Niuroni ya juu ikifa, mfano wangu wa umeme unaniangusha, kwani msuli haulegei bali hukakamaa. Kazi ya niuroni ya juu si kuamrisha tu, ni kuzuia pia. Ndiyo iliyoshika lijamu. Lijamu ikikatika msuli hukaza hovyo, na goti likigongwa kidogo mguu huruka. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mkono uliolegea na kukonda, na papo hapo mkono huo huo ukigongwa kiwikoni ukaruka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Daktari anayekiona kiungo kilichokonda kikiwa na ukali wa aina hii huanza kuwaza ALS.

Kuna jambo jingine linalofanya maradhi yajifiche. Niuroni moja ya chini ikifa, jirani yake hutoa matawi na kuzishika nyuzi za msuli zilizobaki yatima, mfano wa mwenye nyumba anayemvutia jirani waya baada ya mita yake kufungwa. Kwa muda mambo huenda. Mtu hahisi kitu, na huku jirani anazidi kuelemewa, mpaka naye anaungua. Siku kikombe kinapoponyoka mkononi kwa mara ya kwanza, uharibifu una muda mrefu tangu uanze.

Kiasi cha robo hadi theluthi ya wagonjwa huanzia kinywani na kooni, kama maalim. Waliobaki wengi huanzia mkononi au mguuni: ndara inavuka mguuni bila kujijua, ufunguo hauzunguki kitasani, mchumaji karafuu anashindwa kujivuta tawi alilolipanda tangu utotoni. Kisha hutambaa. Ni nadra mno mgonjwa kuamka akakuta udhaifu umerudi nyuma kweli kweli. Wengi huishi baina ya miaka 2 na 5 tangu dalili ya kwanza, na kinachowaondoa kwa kawaida ni misuli ya kupumua kuchoka. Kiasi cha mmoja katika 10 hupita miaka 10. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, aligunduliwa mwaka 1963 akiwa na miaka 21 na akaishi hadi 2018, akiwa na miaka 76. Picha yake kwenye kiti cha magurudumu imewafanya wengi wadhani ndivyo yanavyokwenda. Sivyo. Yeye alikuwa wa nadra hata miongoni mwa wa nadra.

Yasiyoguswa nayo yana maana kubwa kwa familia. Ngozi inahisi: mbu akimuuma anamjua, ila hawezi kumpiga. Macho yanazunguka karibu mpaka mwisho. Haja ndogo na kubwa kwa wengi hubaki katika mamlaka yake. Akili kwa wengi hubaki, ingawa si salama kusema hivyo kwa wote kama zamani: karibu nusu ya wagonjwa hupata mabadiliko ya kufikiri au ya tabia, kwa wengine madogo mno, na kiasi cha mmoja katika 10, au zaidi kidogo, hupata maradhi ya akili yanayokula sehemu ya mbele ya ubongo. Halafu kuna hili, ambalo laiti lingejulikana mapema mtaani kwetu lingemwepusha maalim na maneno mengi. Niuroni za juu zikiharibika, kicheko na kilio hutoka bila ruhusa. Alicheka matangani. Alicheka kwa sauti, mbele ya wafiwa, na machozi yanamtoka. Waliosema kaandamwa siku ile walipata ushahidi wao.

Hapo ndipo pa kutofautisha. Neno letu kupooza ni gunia. Tunatia kila kitu. Kiharusi huja ghafla, kwa dakika au saa, mara nyingi upande mmoja wa mwili, kisha hubaki pale au hupungua. ALS haina siku wala saa. Muulize mgonjwa ilianza lini atakutajia msimu, si tarehe. Sukari ya muda mrefu huleta ganzi na moto miguuni. ALS haileti ganzi. Polio iliua niuroni zile zile za chini, na kila mtaa una mtu mzima anayetembelea mguu mwembamba tangu utotoni, lakini polio hupiga mara moja ikaondoka.

Na kuna konzo, maradhi ya kukakamaa miguu, ambayo Watanzania tuna haki ya kuijua kuliko wengi. Ilitokea Tarime mwaka 1985 na Mtwara miaka ya mwanzo ya 2000. Jina ni la Kiyaka cha Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Huua niuroni za juu tu, ghafla, na haiendelei. Huwapata watu walioshinda siku nyingi kwa muhogo mchungu usiorowekwa na kukaushwa vya kutosha, wakati wa ukame, na pembeni hakuna samaki wala maharage. Muhogo wetu wa nazi hauna hatia hapa. Naileta konzo kwa sababu ni mfano wa maradhi ya niuroni za mwendo ambayo sababu yake ilipatikana kwa kwenda vijijini, kuhesabu wagonjwa nyumba kwa nyumba na kuuliza wamekula nini.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema hii ni ALS. Daktari hupima umeme wa misuli na wa mishipa ya fahamu, hutazama picha ya shingo na ubongo, kisha huondoa moja moja yale yanayofanana nayo. Kazi hiyo ya kuondoa si mapambo. Pingili ya shingo inayobana ugwe inaweza kupasuliwa. Kuna maradhi ya mishipa ya mwendo yanayotokana na kinga ya mwili kujishambulia, na yana dawa. Uchovu wa misuli wa maisthenia una dawa. Anayeambiwa "umepooza, nenda kapumzike" huenda amefungiwa mlango wa kitu kinachotibika, na hilo kwangu ni kubwa kuliko ALS yenyewe.

Sababu sasa. Kwa wagonjwa kiasi cha 9 katika 10 hakuna mwingine katika ukoo. Kwa waliobaki, jeni, yaani vinasaba vya urithi, zinahusika: SOD1 iligunduliwa mwaka 1993, na C9orf72, inayoongoza kwa watu wa asili ya Ulaya, mwaka 2011. Mwaka 2006 watafiti walikuta kwamba karibu wagonjwa wote, kiasi cha 97 katika 100, wana protini iitwayo TDP-43 iliyotoka kwenye kiini cha chembe, ilikopaswa kukaa, ikaganda vibonge nje yake. Kwa hiyo milango ni mingi na chumba kinachofikiwa kinafanana. Yanayojulikana kwa yakini ni kwamba hayaambukizi. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao chuoni kwa maalim. Walikosea, na sikuona haja ya kuwaficha hilo.

Dawa zipo chache. Riluzoli iliruhusiwa Marekani mwaka 1995 na huongeza kiasi cha miezi miwili au mitatu. Edaravoni ilianza Japani mwaka 2015. Toferseni, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023, hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo na ni ya wenye hitilafu ya SOD1 tu, kiasi cha wagonjwa 2 katika 100. Kwa hao wachache ni mara ya kwanza dawa kwenda kwenye chanzo chenyewe. Dawa nyingine iliruhusiwa Marekani na Kanada mwaka 2022 kwa ushahidi wa jaribio dogo. Jaribio kubwa likaja likaonyesha haisaidii, na mwaka 2024 watengenezaji wenyewe wakaiondoa sokoni. Nalikumbuka hili kila ninapoona tangazo la chembe shina za kutibu kupooza, bei kwa dola, namba ya kupigia ya nje. Walioiondoa dawa ile walikuwa na jaribio la kuwaumbua. Mwenye tangazo hana.

Kinachosaidia zaidi mara nyingi si kidonge. Mashine ndogo ya kusukuma pumzi kupitia barakoa usiku, katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2006, iliwaongezea kiasi cha miezi saba wagonjwa ambao koo lao lilikuwa bado na nguvu, na usingizi wao ukawa bora. Mgonjwa anayeamka na kichwa kizito kila asubuhi, au asiyeweza tena kulala chali, huenda anakosa pumzi usiku, na daktari aambiwe hivyo. Chakula kadhalika: kukonda kunayaharakisha maradhi. Maji matupu na chai nyepesi ndivyo vinavyopalia. Uji mzito na vyakula vilivyopondwa hupita vyema, mtu akiwa amekaa wima na kidevu kimeinama. Mkewe maalim aliyajua haya kwa kujaribu, kabla hajaambiwa na mtu.

Ulimi ulipokwisha kabisa, mwanawe mkubwa alichukua plastiki ngumu ya kufunikia vitabu, akaandika herufi kwa makundi pembezoni, akakata tundu katikati. Unaishika baina ya uso wako na wake, unatazama kupitia tunduni, macho yake yanakwenda kwenye kundi kisha kwenye herufi, wewe unataja kwa sauti, yeye anafumba kukubali. Mtu aliyesomesha ubao miaka arubaini alijifunza ubao mpya kwa siku mbili. Siku ya kwanza ukoo ulijaa chumbani, kaka zake wamekuja kutoka Unguja kwa boti, wote wakisubiri wasia. Akaanza. F. E. N. I. Mtu alikuwa ameizima wakati wa kuingia.

Mwaka 2014 nusu ya dunia ilijimwagia ndoo za maji ya barafu kwa ajili ya maradhi haya. Kwetu, ambako barafu ni ya akina mama wanaouza ukwaju wa pakiti nje ya skuli, jambo lile lilionekana kituko cha wenye vitu vya kutupa. Lakini chama cha ALS cha Marekani kilipata dola milioni 115, na sehemu ya fedha hizo iliingia kwenye utafiti ulioitambulisha jeni NEK1 mwaka 2016. Kituko kilizaa.

Sisi hatuna milioni 115. Tuna kitu ambacho wenye fedha hawana, nacho ni damu yetu na habari zetu. Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu jeni za ALS yametoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Hiyo C9orf72 inayoongoza kwao ni adimu Asia ya Mashariki. Hakuna sababu ya kudhani ramani yao ndiyo yetu. Tunisia walilionyesha hili zamani. Madaktari wa Tunis waliona familia ambazo watoto walianza kukakamaa miguu wakiwa wadogo, katika koo ambamo watu huoa kwa ami na kwa mjomba kama tunavyooana sisi. Familia zile zilikubali kutoa damu, na mwaka 2001 jeni ikapatikana, ikaitwa ALS2. Waislamu wa Afrika, wenye ndoa kama zetu, ndio waliowafungulia wanasayansi mlango mzima.

Wala utafiti si mgeni Pemba. Maabara ya Ivo de Carneri, pale Wawi, imekuwepo tangu mwaka 2000, na watoto wetu wametoa vikopo vya choo na mkojo kwa ajili ya minyoo na kichocho mpaka imekuwa utani. Jaribio la vidonge vya madini ya chuma kwa watoto wa Pemba, lililochapishwa mwaka 2006, lilionyesha kwamba kuwapa chuma watoto wote kwa jumla mahali penye malaria nyingi kunaweza kudhuru, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Kisiwa hiki kimeshaifundisha dunia kitu.

Kwa ALS hatua ya kwanza ni ndogo na haina sherehe: kuhesabu. Sensa ya 2022 iliwakuta Wazanzibari 1,889,773. Ulaya hupata wagonjwa wapya kama 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Tukipiga hesabu hiyo kwetu tungepata 37 au 38. Haiwezekani wawe wengi hivyo, kwani haya kwa kawaida ni maradhi ya watu wa makamo na wazee, na sisi ni taifa la watoto. Basi punguza. Wafanye wanane. Wanane kila mwaka, na mimi katika maisha yangu nimesikia mmoja. Wengine wako wapi? Wako ndani ya gunia la kupooza, kwenye vyumba vya uani.

Mtafiti akija kesho kutaka kuwajua, atahitaji mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyaandika kwenye daftari la skuli: udhaifu ulianza mwezi gani, kwenye kiungo gani, upande gani, ulihamia wapi, uzito kila mwezi, na nani mwingine katika ukoo, kwa mama na kwa baba, aliyewahi kupooza polepole au kubadilika akili uzeeni. Akitaka damu, ana wajibu wa kueleza itakwenda wapi, na majibu ya jeni yatawahusu vipi watoto wa mgonjwa, maana jibu la mmoja ni la ukoo na ukoo una mabinti wa kuozwa. Familia ina haki ya kuuliza hayo yote na ya kukataa. Mwanawe maalim aliandika daftari. Kurasa kumi na moja, na mwishoni majina ya ami zake watatu, wazima wote, na alama ya kuuliza mbele ya jina la bibi mmoja aliyefia Tanga.

Maalim alifariki nyumbani, usiku, akazikwa kabla ya Adhuhuri. Cheti kilifuatwa wiki mbili baadaye na kijana wa ukoo aliyekuwa na nafasi. Akaulizwa marehemu alikuwa na nini, akajibu kwa ukweli kama alivyoujua: alipooza. Karani wa vyeti akauliza tena, kiharusi? Kijana akasema ndiyo, naona hicho. Ndicho kilichoandikwa.